Rimu Zisizovunjika

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa karakana ya matairi, upande ambao kivuli hufika saa nane mchana na kukaa mpaka jioni. Ni benchi la watu wanne. Tukiwa watano, wa mwisho anakalia nusu. Mimi huchora mabango ya maduka, na siku ambayo rangi inakataa kukauka sina pa kwenda ila hapo. Kulia kwangu hukaa Masikio, mnyoosha rimu, ambaye hugonga chuma kwa kifundo cha kidole kisha akakwambia kinaumwa wapi. Anayefuata ni Tarakimu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kusahihisha. Shemeji ndiye muuza kahawa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeoa kwao. Jina lilimganda kwa vile anavyojua kuingilia mambo ya nyumba za watu. Na kule mwisho, kwenye ile nusu, siku hiyo alikaa Upepo. Mvua ilikuwa imenyesha adhuhuri ikakatika ghafla, lami inatoa mvuke, na kila kitu barabarani kilionekana kama kinaelea kidogo juu ya mahali pake. Mbele yetu, juu ya turubai, zilikuwa zimelazwa rimu nane mpya.

Upepo hutengeneza meno ya bandia. Ni mtu mpole, mwenye vidole laini, anayeweza kukaa kutwa nzima akisugua jino moja la mtu asiyemjua. Ila ana gari. Jekundu, la milango miwili, limeinama chini kiasi kwamba kuingia ndani unatanguliza makalio kisha unaiita miguu ifuate. Injini yake imeongezwa nguvu mara mbili, na likiwashwa vikombe vya Shemeji huanza kugongana vyenyewe. Miezi minne iliyopita rimu moja ya mbele ilipasuka kwenye kona, mkewe, Mama Mapacha, akiwa amekaa upande huohuo. Gari lilizunguka mara moja likasimama linatazama lilikotoka. Hawakuumia. Mkewe alifungua mlango, akavua viatu, akaenda zake kwa miguu. Tangu siku ile hajalipanda tena.

Sisi wote tulilijua hilo, na tulijua kwamba zile rimu nane hazikuwa suala la urembo. Mtu wetu alikuwa anamtaka mkewe arudi kwenye kiti chake.

— Leo naamua, — alisema Upepo. — Mwenye mali anapita saa kumi na moja kuchukua zitakazobaki. Nisaidieni, ndugu zangu.

— Tukusaidie mara ngapi? — Shemeji alimmiminia kahawa. — Wiki mbili unakuja hapa kuota rimu.

— Sizioti. Nachagua.

— Mtu akichagua kitu kimoja wiki mbili, hiyo ni ndoto, ila amefumbua macho.

Niwaeleze zilivyokuwa. Nne za kulia zilikuwa inchi kumi na tisa, zinang'aa mpaka ukijitazama unajiona na ndevu ulizosahau kunyoa, na spoki zake ni nyembamba, nyingi, zimepinda kwa madaha. Nne za kushoto zilikuwa inchi kumi na saba, rangi ya kijivu, spoki tano nene, basi. Zilifanana na sufuria za hospitali. Macho ya Upepo yalikuwa kulia muda wote, hata alipokuwa anazungumzia za kushoto.

Masikio alishuka kwenye benchi akachuchumaa. Huyu bwana hawezi kusema neno juu ya chuma akiwa amekaa.

— Tuanze na ukweli, — alisema. — Hizi zinazong'aa zimemiminwa. Madini yameyeyushwa, yakamwagwa kwenye kalibu, yakaganda. Hizi za kijivu zilikuwa gogo zima la madini, likashindiliwa na mashine nzito mpaka likakubali kuwa rimu. Kaka, wewe unamimina meno. Sihitaji kukufundisha.

— Najua, — alisema Upepo kwa unyonge. — Ukimimina vibaya, vipovu vinabaki ndani. Jino linakaa vizuri miaka miwili, mtu anacheka nalo harusini, halafu siku moja anauma mkate tu, kwisha.

— Basi umejijibu.

— Lakini zile zinapendeza.

Tulizitazama wote kuheshimu hoja hiyo. Kwa kweli zilipendeza.

— Na ukubwa, — aliendelea Masikio. — Ukivaa kumi na tisa, tairi inabaki utepe tu. Ukiingia shimoni, pigo lote linakwenda kwenye rimu. Ukivaa kumi na saba, tairi ina ubavu, ina mto. Rimu inalalia mto.

— Hapo kwenye mto nimekuelewa, — alisema Shemeji.

— Bado. Ngoja kwanza msikie.

Akainua rimu moja inayong'aa kwa kidole kilichopita kwenye tundu la katikati, akaigonga. Ililia, ti, ikanyamaza. Akainua ya kijivu, akaigonga. Hiyo ilitoa sauti ndefu, nyembamba, ikakaa hewani, ikapita juu ya vichwa vyetu ikaenda zake ng'ambo ya barabara. Mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo kwenye ghorofa ya jirani alisimama na shuka mkononi, akatazama huku na huku. Sijui ilikoma lini. Nilikuwa bado naisikia nilipoona wenzangu wameshaanza kuongea.

— Chuma kina kumbukumbu, — Masikio alikuwa anasema. — Ile iliyopasuka nimeishika mimi mwenyewe kwa mikono hii. Ilikuwa imewahi kupinda, ikanyooshwa na mtu asiye na huruma, ikapakwa rangi, ikauzwa kama mpya. Rimu ya namna hiyo inakwenda na wewe, inakwenda, lakini moyoni iko kwenye lile shimo la zamani. Ikikutana na shimo linalofanana nalo, inakata tamaa.

— Kwa hiyo iliuawa na kumbukumbu, — alisema Upepo.

— Na rangi. Rangi iliificha.

Hapo walinitazama mimi, kwa kuwa ndiye mtu wa rangi, nami nikasema sijawahi kupaka rimu ya mtu maishani mwangu.

Tarakimu alikuwa amefumba macho. Akifumba macho hivyo, wageni hudhani amelala; sisi tunajua anatafuta pa kuanzia.

— Mnazungumza juu ya gurudumu, — alisema, — lakini je, mmewahi kulitazama?

— Mwalimu, nalitazama kila siku mpaka nikilala nalo linazunguka, — alisema Masikio.

— Nipe chaki.

Chaki ya kuandikia matairi ilikuwepo. Akaweka alama ndogo nyeupe pembeni mwa rimu ya kijivu, akamwambia Masikio aiviringishe taratibu mbele ya benchi, nasi tuifuate ile alama kwa macho. Ilipanda ikapita juu kwa haraka, ikashuka mbele, na ilipofika chini, pale inapogusa saruji, ikasimama. Ni kitambo kidogo sana, lakini ilisimama. Kisha ikaondoka tena.

— Mmeona? — Tarakimu alishusha sauti kama vile kuna mtoto amelala karibu. — Gari linakwenda, mtu anakwenda, miti inakwenda. Pale linapogusa barabara, gurudumu limetulia. Haliendi. Ni hesabu hiyo, si maneno yangu. Kasi yote iko juu. Chini pametulia kama chumba cha kusali.

Masikio aliirudisha ikaviringika tena. Tulitazama mara tatu, mara nne. Barabara nayo ilikuwa bado inatoa mvuke, na nilianza kuona kila gurudumu lililopita, la baiskeli, la mkokoteni, la lori la mchanga, likikanyaga kituo chake kidogo cha utulivu na kukiacha nyuma, kituo juu ya kituo, mpaka mwisho wa mtaa.

— Sasa, — alisema Tarakimu, — kama pale chini halina mwendo, rimu itavunjwaje na mwendo?

— Haiwezi, — alisema Shemeji upesi.

— Haiwezi. Rimu huvunjwa na mshtuko. Imetulia pale, haina habari, mara shimo. Ni sawasawa na mtu kuamshwa kwa kofi.

Upepo alikuwa ameinama mbele, kikombe kimepoa mkononi.

— Kwa hiyo, mwalimu, si mwendo.

— Si mwendo.

— Siku zote nilikuwa nasema si mwendo, — alisema Upepo, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Nikikumbuka sasa, hapo ndipo mmoja wetu alipaswa kukohoa. Hakuna aliyekohoa. Hesabu ilikuwa tamu, kahawa ilikuwa ya moto, na mwenzetu alikuwa na uso mwepesi ambao hatukuuona kwa miezi minne. Nani angemharibia?

— Mimi naona mnaliacha jambo kubwa, — alisema Shemeji. — Nyie mnauliza rimu inatembeaje. Ulizeni inalalaje.

— Inalalaje? — niliuliza.

— Hailali. Ndilo tatizo. Wewe ukichoka unajinyoosha kitandani. Gari likichoka linazimwa, dereva anaingia ndani, anaoga, analala. Na rimu je? Zimesimama. Usiku kucha zimesimama na gari zima mgongoni. Asubuhi unazipandia tena unaziambia twende. Mwaka wa kwanza, wa pili, lazima zipasuke. Hata wewe ungepasuka.

Masikio alikuna shingo.

— Sijawahi kulifikiria hilo.

— Kwa sababu unazipokea zikiwa zimeshavunjika. Mimi nazitazama zikiwa zimesimama hapa kila siku. Zina uchovu.

— Kwa hiyo tufanye nini? — aliuliza Upepo, na aliuliza kwa dhati.

— Kila jioni unaweka jeki, unalegeza nati, unazitoa zote nne, unazilaza chali. Asubuhi unazifunga.

— Lazima zilale chali? — aliuliza Tarakimu. — Kwa nini si kifudifudi? Upande wa nje ndio wenye upepo mwingi.

— Chali, mwalimu. Kifudifudi zinapumulia vumbi.

— Na zisilazwe nje, — Masikio aliingia. — Umande. Ndani ya nyumba.

— Ndani wapi?

— Chini ya kitanda.

— Mama Mapacha atakubali rimu chini ya kitanda?

— Kama lengo ni akubali kukaa juu yake barabarani, — alisema Shemeji, — kulala juu yake chumbani ndiyo mazoezi.

Tukacheka, na Upepo naye akacheka, halafu akaacha kucheka kabla yetu. Mapacha wake wawili wako shule ya bweni. Nyumba imebaki ya watu wawili, na nadhani hapo ndipo kimya chao kilipopata nafasi ya kutandaza miguu.

— Nawaambia kitu, msinicheke, — alisema, anazungusha kikombe. — Kila Jumapili tulikuwa tunatoka. Hatuendi popote pa maana. Anaweka viatu vyake magotini, anashusha kioo, anaimba kitu kisicho na maneno. Sasa, yeye akikaa pale, gari linaegemea upande wake. Kidogo sana, mtu mwingine asingejua. Mimi naujua ule uzito kwenye usukani, nimeuzoea miaka kumi na mbili. Siku hizi usukani ni mwepesi, na siupendi. Juzi nilikifunga mkanda kile kiti kikiwa kitupu.

Masikio aliichukua ile rimu ya kijivu akaifuta alama ya chaki kwa shati lake, bila sababu yoyote.

Kimya kilitaka kuwa kirefu, na mimi kimya kirefu kinanitia kiherehere, kwa hiyo nikatoa nadharia yangu. Nilisema barabara ina macho. Nilisema rimu inayong'aa inaionyesha barabara sura yake, na barabara yenye mashimo haipendi kuonyeshwa sura. Rimu ya kijivu ina rangi ya lami. Barabara inadhani ni jamaa yake, inaipisha. Nilipomaliza niliona haya, ila wenzangu walikuwa wanatikisa vichwa kwa makini.

— Hilo lina uzito, — alisema Tarakimu. — Na pia spoki tano. Idadi isiyogawanyika kwa mbili. Kila spoki ikitazama ng'ambo inakuta uwazi, haikuti mwenzake wa kubishana naye. Zile zenye spoki ishirini, kila moja ina mpinzani. Nyumba ya ugomvi haidumu.

— Mwalimu, ziko rimu za spoki sita ninazifahamu tangu sijaoa, hazijawahi kupinda, — alisema Masikio.

— Hizo zilisuluhishwa.

— Mimi nawapita wote, — alisema Shemeji. Aliliweka birika chini, dalili kwamba anakuja na kubwa. — Mnatafuta rimu isiyovunjika. Kitu chochote kilichopo kinavunjika. Rimu isiyovunjika ni ile ambayo haipo.

— Eleza.

— Hewa. Gurudumu la hewa tupu. Tairi mnalijaza hewa, linabeba. Sasa iweje hewa ibebe halafu sifa apewe chuma? Toeni chuma. Toeni na mpira. Ibaki hewa peke yake, imezunguka, inajua kazi yake.

— Itashikwa na nati gani? — aliuliza Masikio.

— Nati za hewa.

Ilikuwa saa ambayo jua limeingia chini ya mawingu na kuumulika mvuke wa barabarani kwa pembeni. Gari la Upepo lilikuwa limeegeshwa ng'ambo. Mvuke ulikuwa umeyafunika matairi yake yote manne, na kwa muda wa kumeza funda moja la kahawa sote tuliliona limekaa angani, jekundu, bila kugusa chochote, linasubiri mtu apande. Tarakimu alivua miwani. Sijui wenzangu walimwona nani ndani yake. Mimi nilimwona mama yangu, ambaye hajawahi kupanda gari dogo maishani, ameweka mkono dirishani.

Kisha mkokoteni ukapita, mvuke ukatawanyika, matairi yakaonekana.

— Nachukua za kijivu, — alisema Upepo.

Alisema polepole, na nilimwona akiziaga zile zinazong'aa kwa macho. Kwa mtu anayejua kitu kinachomeremeta kinavyotengenezwa, ile ilikuwa sadaka. Masikio alimshika bega. Akachukua kipimo chake cha chuma, akapima tundu la katikati, akavuka barabara na kupima kitovu cha gari, akarudi anatabasamu: vinalingana, hakuna kucheza. Akatuonyesha nyuma ya rimu namba iliyogongwa ndani ya chuma chenyewe, uzito ambao kila moja imeapa kubeba. Tarakimu alizidisha kwa nne akiwa amefumba macho, akasema inatosha gari, dereva, mke na mapacha wote wawili hata wakinenepa. Tulijisikia watu wenye akili sana. Nilifikiri kama maspika ya msikiti, kanisa na uwanja wa mpira yangetangaza uamuzi ule kwa pamoja, isingekuwa kuzidisha.

Ndipo Shemeji alipoinuka na kupangusa mikono kwenye aproni.

— Karibu, mama.

Mama Mapacha alikuwa amesimama mwisho wa turubai. Ni mkunga kwenye kituo cha afya. Alikuwa anatoka kazini, na viatu vyake vilikuwa vimelowa mpaka kifundoni. Miaka yote hii hakuwahi kukanyaga kijiweni kwetu. Hupita ng'ambo, anapunga mkono, anakwenda. Tulijisogeza sote kwa pamoja, tukaacha nafasi ya watu watatu, lakini hakukaa.

— Hamjambo, kaka zangu.

— Hatujambo, mama. Za kazi?

— Njema. Wawili leo, wote wazima.

Upepo alikuwa ameshasimama. Aliinua rimu ya kijivu kwa mikono miwili akampelekea kama mtu anayepeleka mtoto kwa mama yake.

— Mke wangu, tazama. Nimechagua. Hizi hazikumiminwa, zimeshindiliwa kutoka gogo zima. Ndogo kuliko zile za kwanza, tairi itakuwa na ubavu, na Masikio amepima kila kitu. Isikie.

Akaigonga. Ikatoa ile sauti yake ndefu. Mama Mapacha aliinamisha kichwa akaisikiliza mpaka ikaisha yote, jambo ambalo hata sisi hatukulifanya.

— Ina sauti nzuri, — alisema.

— Haivunjiki.

— Naamini.

— Kwa hiyo Jumapili utapanda?

Aliweka kiganja juu ya ile rimu, karibu na mkono wa mumewe, asiuguse.

— Baba Mapacha, nani alikwambia sipandi kwa sababu ya rimu?

— Wewe. Ulisema hupandi tena.

— Nilisema sipandi tena. Rimu ulizitaja wewe.

Upepo alitutazama. Tukatazama turubai. Masikio alianza kupanga nati ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

— Nilinyamaza nikingoja uniulize, — alisema mkewe. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliongea kama wanavyoongea watu wa kazi yake, wanapomuuliza mtu maumivu yalianza lini. — Hukuuliza. Basi nauliza mimi, maana nimechoka kutembea. Siku ile tulikuwa tunarudi nyumbani. Watoto wako bweni. Jikoni sikuacha kitu motoni. Hapakuwa na mgeni anayetusubiri. Na ufunguo wa mlango ulikuwa kwenye pochi yangu, pochi iko hapa magotini. Hata ungefika wa kwanza, ungenisubiri mimi nifungue. Ulikuwa unawahi nini?

Upepo alifungua mdomo.

— Barabara ilikuwa wazi, — alisema.

Mkewe alingoja. Ana namna ya kungoja ambayo haikusukumi wala haikuachii.

— Na lile shimo halikuwepo wiki iliyotangulia.

Akaendelea kungoja.

Upepo aligeuka kwa Tarakimu. Tarakimu, ambaye dakika ishirini zilizopita alithibitisha mbele yetu kwamba mwendo haukuwepo, aliangalia miwani yake, akaipangusa, akaangalia tena. Upepo akamgeukia Masikio, Masikio akatazama chini. Shemeji ana jibu la kila nyumba mtaani, naye alikuwa anatikisa birika karibu na sikio, na birika lilikuwa tupu. Mimi nilijaribu kumtafutia mwenzangu jibu kwa moyo wote. Nilitafuta kwanza kwake, nikakosa, nikaanza kutafuta kwangu, siku zote nilizompita mtu njiani nikiwahi mahali ambapo hapakuwa na kitu. Huko nako nilikosa, na niliumia.

— Sijui, — alisema Upepo mwishowe. Rimu ilikuwa bado mikononi mwake, imeanza kumwelemea. — Mke wangu, sijui. Nimeuliza chuma miezi minne. Hilo sikujiuliza hata mara moja.

Mama Mapacha alimtazama kwa muda. Macho yake yalilowa, akayaacha yalowe mbele yetu.

— Ahsante, — alisema. — Hilo nilikuwa sijalisikia.

Akatuaga kwa jumla, akaweka pochi begani, akaenda zake kwa miguu, akiruka madimbwi.

Upepo aliilaza ile rimu kwenye turubai taratibu, chali. Kisha akanyooka, akavuka barabara, akapita kando ya gari lake bila kuligusa. Tulitegemea atimue mbio amfikie mkewe, maana mtu wetu tunamfahamu. Hakukimbia. Alitembea tu, kwa hatua za mtu anayejifunza, na ilimchukua mtaa mzima, mpaka kule kwenye kona, kuwa bega kwa bega naye.

Saa kumi na moja ikapiga. Mwenye mali akaegesha gari lake mbele ya benchi, akashusha kioo, akauliza achukue zipi. Tulitazamana; hata za kijivu hatukujua kama bado zina mwenyewe.